Hoteli Isiyo na Kitanda: Malazi ya Wasafiri wa Nyanza ya Kusini Zamani

Mgeni atokaye nchi za mbali akifika katika soko la Migori jioni, akaona kibao kilichoandikwa HOTELI, huingia kwa furaha na kuomba chumba cha kulala. Mwenye hoteli humtazama kidogo, kisha humletea chai ya maziwa na chapati mbili. Si kwamba hakusikia alivyoombwa. Katika hoteli yake hakuna kitanda hata kimoja, wala hakikupata kuwamo. Mgeni akisha kula ndipo huonyeshwa mlango mwingine ng'ambo ya barabara, penye kibao cha gesti au lojing'i, na huko atapata kitanda, lakini pengine asipate chai.

Sisi tufanyao kazi ya kufasiri twalijua jambo hili kwa taabu yake. Ukipewa karatasi ya Kiingereza yenye habari za hoteli, huna budi kuuliza kwanza: ni hoteli ya kula au ya kulala? Na neno la pili, bording'i, ni gumu kuliko hilo. Kwa Waingereza ni nyumba ambamo msafiri hukodi chumba na kula mezani pa mwenye nyumba. Kwetu kila mtoto wa shule ajua kuwa bording'i ni bweni. Watu wengine husema kwamba sisi tumeyapotosha maneno ya wenyewe. Mimi sidhani hivyo. Maneno haya yalipoingia katika nchi yetu yaliwakuta watu wenye desturi zao juu ya chakula na juu ya kitanda, nayo yakagawanyika kwa kuzifuata desturi hizo. Chakula kilikubali kuuzwa mapema. Kitanda kilikataa kwa muda mrefu. Katika somo la juma hili tutaeleza jinsi mambo yalivyokuwa katika nchi ambayo leo ni kaunti mbili za Homa Bay na Migori, na ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa pamoja na Kisii katika wilaya moja iliyoitwa Kavirondo ya Kusini.

Tuanze na msafiri wa zamani, kabla ya rupia. Mtu aliyetoka pwani ya ziwa kwenda milimani kwa Wakisii kutafuta wimbi, au aliyetoka Kanyamwa kwenda Suna kudai ng'ombe wa mahari, hakutoka nyumbani bila kujua atalala wapi. Njia yake ilifuata undugu. Siku ya kwanza alilala kwa mjomba, siku ya pili kwa shangazi aliyeolewa huko, siku ya tatu kwa rafiki wa baba yake. Penye mto mkubwa kama Kuja wakati wa masika aliweza kungoja siku nyingi mpaka maji yapungue, na siku zote hizo alikula kwa mtu. Wajaluo humwita mgeni wendo, na wageni wengi huitwa welo. Desturi ilimtaka mgeni afike kabla ya jua kutua, aonekane na watu wote, ajitaje yeye na ukoo wake.

Atakaye kufahamu kwa nini haraka hiyo ya kufika mapema, na aende Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori. Huko zimesimama kuta za mawe zilizojengwa bila chokaa wala udongo, karne kadhaa zilizopita, nazo zapata urefu wa mita moja na nusu hadi mita nne na nusu kwenda juu. Mwaka 1018 tangu Hijra haukuwa mbali na siku za kujengwa kwake, kwa kuwa wataalamu husema boma hilo lapata miaka 400 au 500 au zaidi. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziandika kuta hizo katika orodha ya urithi wa dunia. Milango yake ni mifupi, hata mtu mzima hana budi kuinama apitapo. Aingiaye ameinama hawezi kuingia na mkuki mkononi tayari kwa vita. Hata pale palipokuwa na ua wa miti tu, mlango ulikuwa mmoja, na usiku ulifungwa. Mgeni aliyechelewa alikuwa na hatari ya kudhaniwa mwizi wa ng'ombe.

Akisha kupokelewa, mgeni mwanamume alikaa na mwenye mji katika duol, ndiyo nyumba ndogo ya mzee iliyo karibu na zizi, akala huko pamoja na wanaume. Kijana alilala katika simba, yaani nyumba ya wavulana wasiooa. Hakulipa kitu. Lakini msomaji asidhani kwamba kwa kuwa hakulipa basi aliweza kulala popote. Kitanda kilikuwa na sheria nyingi kuliko chungu cha chakula. Baba hakuweza kulala katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Mama mkwe na mkwewe hawakulala chini ya paa moja. Mahali pa kulala palionyesha mtu ni nani kwa mwenyeji wake, na kukosea hapo halikuwa kosa la adabu tu, bali lilihesabika kuwa laweza kuleta madhara nyumbani. Basi utaona kwa nini hakuna aliyefikiri kukodisha kitanda. Je, mtu ambaye si ndugu wala si mkwe wala si rafiki, angelazwa upande gani wa mji?

Watu wa namna hiyo walianza kufika kwa wingi baada ya reli. Njia ya garimoshi ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ufuko wa ziwa, mahali paitwapo sasa Kisumu, mwezi wa Desemba 1901, safari ya maili zaidi ya 580. Stima ya kwanza ya Serikali, William Mackinnon, ilikuwa imekwisha kushushwa majini mwaka 1900, kabla ya reli kufika, maana vipande vyake vilichukuliwa na wapagazi mabegani kisha vikaunganishwa ziwani. Zikafuata Winifred na Sybil, na baadaye Clement Hill. Serikali iliweka kituo Karungu, katika pwani ya Migori ya sasa, ili iitawale nchi ya kusini. Mwaka 1907 ikafungua boma la Kisii milimani. Kendu, Homa Bay na Karungu zikawa bandari.

Abiria wa reli hiyo walikuwa na malazi yao. Kwa kuwa garimoshi za kwanza hazikuwa na behewa la kulia chakula, Serikali ilijenga nyumba za wasafiri katika vituo vingine, kama Voi na Makindu, kwa mfano wa nyumba za namna hiyo zilizokuwa Bara Hindi kwa ajili ya wachukuzi wa barua na maofisa. Garimoshi ilisimama, abiria wakashuka kula, kengele ikilia wakapanda tena. Wazungu waliopita huko wameandika sana juu ya nyama ngumu ya Voi, na mtu akivisoma vitabu vyao aweza kudhani kwamba hapakuwa na shida nyingine katika nchi. Abiria wa daraja la tatu hawakualikwa kwenye nyama hiyo, ngumu au laini. Wao walinunua ndizi na mahindi ya kuchoma kwa watu waliokuja kandokando ya reli. Nairobi nako hoteli za Wazungu zilikwisha kuanza: ile ya Stanley mwaka 1902, chini ya Bibi Mayence Bent, na Norfolk mwishoni mwa mwaka 1904. Hizo zilikuwa hoteli kwa maana ya Kiingereza, zenye vyumba, mashuka na meza.

Katika Kavirondo ya Kusini hapakuwa na kitu kama hicho. Ofisa aliyetembelea wilaya alichukua hema lake, kitanda chake cha kukunja, sufuria zake na mpishi wake, yaani alitembea na hoteli yake juu ya vichwa vya wapagazi. Baadaye zikajengwa kambi katika maeneo ya machifu, zenye mabanda ya miti na nyasi, ili ofisa apate kivuli na watumishi wake wapate jiko. Kuni, maji, mayai na maziwa viliagizwa kwa chifu. Sheria ya mwaka 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji iliwapa machifu na wazee wao madaraka ya kuwaita watu kwa kazi za eneo. Hapo ndipo penye jambo la kutazamwa kwa makini. Mwenyeji wa zamani alimpokea mgeni kwa hiari yake, naye alijua kwamba kesho mwanawe atapokelewa vivyo hivyo. Kambi ilijengwa na kufagiliwa na watu ambao hawakuruhusiwa kulala ndani yake, kwa mgeni ambaye nyumbani kwake wao hawatafika kamwe. Ilikuwa nyumba ya wageni isiyo na mwenyeji. Wazee wengi wa Nyanza walilalamika juu ya kazi za bure za siku zile, wala hapana ajabu.

Mabanda hayo yalikuwa na adui mwingine, mdogo kuliko punje ya kunde, na habari zake zafaa kujulikana na kila msafiri. Papasi hukaa katika nyufa za sakafu ya udongo na katika kuta za nyumba kuukuu. Mchana hujificha, usiku hutoka akamfyonza mtu aliyelala chini, kisha hurudi katika ufa wake. Baada ya siku kadhaa mtu hupatwa na homa kali, ikapoa, ikarudi, ikapoa, ikarudi tena. Watu wa njia za misafara waliijua homa hiyo tangu zamani na kumshuku papasi, lakini waganga wa Kizungu hawakupata uhakika mpaka miaka ya 1904 na 1905, walipofanya uchunguzi Uganda na mashariki ya Kongo. Mmoja wao, Joseph Dutton, aliambukizwa homa hiyo katika uchunguzi wake, akafa Kongo mwezi wa Februari 1905. Tangu hapo wasafiri walionywa wasilale katika mabanda ya zamani yaliyozoewa na kila mpitaji, wala wasipige hema palipopigwa mengi kabla yao. Kitanda kirefu chenye miguu na sakafu ya saruji, vitu viwili ambavyo nyumba za kulaza wageni zilivijisifia baadaye, havikuwa anasa tu. Papasi hapandi kwa urahisi mguu wa kitanda, wala hapati ufa katika saruji nzima. Katika ufuko wa ziwa, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano, kulikuwa na malale pia, ugonjwa uliowaua watu wengi sana katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo, hata kulala karibu na vichaka vya pwani kukawa jambo la kuogopwa.

Wafanya biashara wa Kihindi waliofungua maduka Kendu, Homa Bay, Karungu na Kisii hawakuhitaji hoteli. Mhindi msafiri alilala kwa mtu wa jamaa yake, nyuma ya duka au juu ya magunia ya mtama na ngozi, na katika miji mikubwa jumuiya zao zilijenga nyumba za wasafiri ziitwazo musafarkhana. Mwislamu, awe Mswahili au Mnubi, aliuliza penye msikiti. Wamisioni nao walikuwa na nyumba zao. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu, mwezi wa Novemba 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen wa Kanada pamoja na Peter Nyambo wa Nyasa. Kila kundi, kama uonavyo, lilikuwa na mlango wake. Aliyebaki nje usiku, akingoja stima kwenye gati na mzigo wake chini ya kichwa, ni Mwafrika aliyetoka mbali na ukoo wake.

Na watu hao waliongezeka. Kodi ya nyumba ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kazi, na kazi ilikuwa mbali. Mwaka 1914 vita vikaja mpaka mlangoni: Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Mwanza wakaingia Kisii, na tarehe 12 Septemba wakapigana huko na askari wa King's African Rifles. Baada ya hapo maelfu ya vijana wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi katika kikosi kile ambacho jina lake limebaki katika mitaa ya Kariakoo na Kariokor. Wengi walikufa, na waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Waliorudi walikuwa wamekwisha kulala miaka kandokando na watu wa makabila ishirini, na wamezoea kupokea chakula kutoka jiko lisilo la mama wala la mke.

Mtu wa namna hiyo hakuona haya kununua chakula. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho, na vijana wa Kavirondo ya Kusini wakapanda milima kwenda kuichuma. Sukari nayo ikatengenezwa Miwani, karibu na Kisumu. Shilingi ikachukua mahali pa rupia. Sheria ya mwaka 1924 ikaleta Mabaraza ya Wenyeji, na masoko yakaongezeka. Basi kando ya bandari, kando ya boma na kando ya soko kukatokea kibanda chenye benchi mbili, meza ndefu, birika kubwa jeusi na sahani ya mandazi. Kikaitwa hoteli. Walioketi humo ni karani, tarishi, askari aliye likizoni, mchuuzi wa samaki, na hasa mtu mwenye kesi, ambaye aliitwa Jumatatu na kesi yake ikasikilizwa Alhamisi. Waliketi benchi moja pasipo kuulizana ukoo. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa jipya, kuliko chai yenyewe. Katika duol mtu aliketi kwa umri wake na kwa undugu wake. Katika hoteli aliketi palipo na nafasi.

Lakini giza lilipoingia, wateja wote hao waliondoka. Karani alikwenda kwa karani mwenzake, askari kambini, mchuuzi kwa mtu wa ukoo wake aliyepanga chumba sokoni, na mwenye kesi alitembea maili tano kurudi kwa mjomba. Kitanda kilikuwa bado ni cha ndugu.

Mijini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mtu wa Homa Bay aliyefika Nairobi katika miaka ya 1920 alipata kitanda, au nusu ya kitanda, au nafasi ya mkeka, katika nyumba za Pumwani, ambako Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao na kuzipangisha chumba kwa chumba. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake wa Kiislamu. Nyumba hizo, na zile za Majengo ya Mombasa, ndizo bording'i za kwanza za Mwafrika, ingawa hakuna aliyeziita hivyo. Hoteli kubwa hazikuwa njia. Hata kama alikuwa na fedha mfukoni na viatu miguuni, hakupewa chumba katika hoteli za Wazungu, na desturi hiyo iliendelea hata katika miaka ya 1950. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni, akiwa na kanzu nyeupe na trei mkononi. Alijua kutandika kitanda cha hoteli vizuri kuliko mgeni aliyekilalia.

Wengine katika watumishi hao walirudi makwao na ujuzi. Gari za abiria zilipozidi katika barabara ya Kisii kwenda mpakani Tanganyika, na machimbo ya dhahabu ya Migori yalipovuta watu katika miaka ya 1930, ilionekana wazi kwamba mjomba mmoja hawezi kuwatosha wageni wote. Vyumba vya kukodi vikaanza kujengwa nyuma ya maduka, vikipangwa kwa safu na kuelekea ua mmoja wenye kisima au pipa la maji: kitanda cha chuma, godoro la nyasi, taa ya chemni, kufuli. Wazee walivitazama kwa shaka. Nyumba ambayo mtu yeyote aweza kulala na mtu yeyote bila kuulizwa, walisema, yawezaje kuwa nyumba ya heshima? Shaka hiyo haijaisha, na mara nyingine si ya bure. Ndiyo sababu mpaka leo mwenye hoteli ya chai hapendi jina lake lichanganywe na la jirani yake mwenye vitanda.

Hata hivyo kitanda cha kukodi kimepata wateja ambao hawakutazamiwa. Mzee atokaye shambani kumtembelea binti yake aliyeolewa na kukaa Homa Bay mjini, katika nyumba ya vyumba viwili, hali yake ni ngumu. Binti amempikia, wajukuu wamemkalia magotini, mkwe amemheshimu. Lakini kulala humo hawezi. Desturi haikuacha kuwa desturi kwa sababu nyumba ina bati. Zamani angelala kwa jirani wa ukoo, na mjini hana jirani huyo. Basi saa tatu ya usiku mkwe hulichukua koti la mzee na fimbo yake, akatangulia na tochi mpaka gesti iliyo karibu na gati, akalipa chumba cha usiku mmoja, akakagua shuka kwa mkono wake, akamwachia mzee ufunguo. Asubuhi huja kumchukua, nao huenda pamoja hotelini kunywa chai.